Mtoto wa Theresia

Redio ya gari lililokuwa likielekea Ngaramtoni ilisema bomu limelipuka kwenye mbio za marathoni huko Ulaya. Bibi aliyekaa siti ya mbele na Rukaiya akashika tama. "Mjukuu wangu Lesian anakimbia huko. Tangu asubuhi simu haipatikani. Hawa Waislamu tumewakosea nini?"

Redio yenyewe haikuwa imetaja mtu wala dini. Bibi akageuka, akauona ushungi wa jirani yake, akainamia simu.

Rukaiya alikuwa na jibu, tena kali. Ila alimwona bibi akiipiga tena namba ileile. "Bibi, mama yake Lesian anaitwa nani?"

"Unamtakia nini?"

"Kwetu mtu akiombewa dua hutajwa pamoja na jina la mama yake."

"Aliyemzaa alifariki. Nimemlea mimi." Akafikiri kidogo. "Sema Theresia."

Rukaiya akafungua viganja, akaomba kwa sauti ya chini mpaka gari liliposimama. Theresia akashuka, kisha akarudi dirishani. "Na wewe, una mtoto? Anaitwa nani? Kesho kanisani nitamtaja."

"Abdulhalim."

Gari likaondoka. Kwenye kioo cha pembeni Rukaiya alimwona bado amesimama barabarani, simu kifuani, midomo ikijifunza lile jina.