Kichwa cha Katikati

Siku hiyo walikuwepo watano: Kinyozi, mwenye duka; Brashi, mchora mabango; Mstaafu, aliyewahi kufundisha hesabu; Bodaboda, ambaye pikipiki yake ilikuwa mbovu; na Mama Kahawa, mjane, na birika lake. Benchi lao liko chini ya ukuta wa duka, na ukutani kuna vichwa vitatu alivyochora Brashi zamani kuonyesha mitindo ya kunyoa. Cha katikati ni marehemu mume wa Mama Kahawa, fundi viatu. Picha yake nyingine ni ya kitambulisho tu, nayo imefifia. Sasa Kinyozi alikuwa ameleta bango lenye kichwa kimoja kilichotengenezwa na kompyuta, la kufunika ukuta wote. Ngazi ya kulibandikia aliileta Brashi mwenyewe.

Mama Kahawa akammiminia Brashi kikombe cha kwanza.

— Tazameni ngozi hiyo, alisema Kinyozi. Brashi, wewe ungeiweza?

— Nisingeiweza.

— Mashine haichori hiyo, alisema Bodaboda. Imekusanya vichwa vya dunia nzima, ikavikoroga sufuria moja. Jicho la kushoto ni langu, nalitambua.

— Jicho lako halijawahi kutulia namna hiyo, alisema Mstaafu. Mimi nawaambia, mwakani itachora na wateja. Watakuja kwa miguu yao.

— Watanyolewa nini, na nywele zenyewe hazioti? aliuliza Bodaboda.

— Nyie chekeni, alisema Kinyozi. Vijana wakipita hapa wananiuliza kama hii ni mitindo ya babu zao. Shemeji, usinione mbaya.

— Wala, shemeji, alisema Mama Kahawa. Duka ni lako.

Akachukua kitambaa, akakifuta vumbi kile kichwa cha katikati, taratibu, kama anamwandaa mtoto kwa safari. Brashi akasogeza ngazi ampishe, akajifanya anatafuta gundi, na gundi alikuwa ameishika mkononi.

Hapo akafika mteja mgeni, aliyehamia mtaani juzi.

— Nimekuja kunyoa. Huyu wa kushoto nani?

— Dereva wa lori, walijibu kwa pamoja. Amehama, ila akipita lazima atupigie honi.

— Na wa kulia?

— Mimi huyo, alisema Mstaafu, enzi za nywele.

— Wa katikati?

Kinyozi akainamisha macho.

— Mume wangu, alisema Mama Kahawa. Alikuwa anacheka wakati anachorwa, ndiyo maana mdomo umekwenda upande. Brashi akakataa kuunyoosha.

Mteja akaitikia kwa kichwa, akageukia bango.

— Na huyu?

Bodaboda akalitazama tena lile jicho la kushoto. Mstaafu akavaa miwani, akasogea karibu. Kinyozi, aliyekuwa amelishika bango kwenye pembe, akaanza kulikunja.

Lilikuja kubandikwa ndani, nyuma ya mlango.