Karatasi ya Yaya Barnabé

Ndugu katika Bwana na majirani wote wa Alunguli, jamaa imemchagua Wilfried, mdogo wa marehemu, aliyemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, awasomee maisha haya, naye anaomba mumvumilie, maana shule yake ni ndogo.

Marehemu Kabasele Barnabé alizaliwa hapa Kindu tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai, alimaliza masomo mwaka 1977, akaingia kazi ya reli mwaka uliofuata, na tarehe 7 Julai 1984 alimuoa mama Apolline Mbelu, wakazaa Gentille, Glodi na Axel.

Vita vya 1998 viliposimamisha gari la moshi, alijifunza Kiingereza peke yake katika Biblia ya zamani iliyoachwa na mmisionari, akafundisha vijana uani kwake jinsi Biblia ile inavyosema, thou hast, thou comest, yaani wewe unayo, wewe unakuja.

Mwaka 2003 askari wa kigeni walitafuta mkalimani, marehemu akaenda na Wilfried, aliyeokota Kiingereza cha leo redioni, akawasalimu kwa Kiingereza chake, wakacheka mpaka kushika mbavu, mmoja akauliza, “Huyu babu ametoka kaburini?”, na Wilfried, Mungu amsamehe, alicheka kuwapita wote, yeye njo alipewa ile kazi ya ukalimani. Habari ikafika Alunguli, hata majirani wakacheka, marehemu akafunga darasa, hakusema tena Kiingereza mbele ya mutu.

Lakini daktari mmoja aliyekuwa pale na askari, mama Mjerumani, hakucheka, aliandika karatasi kwa Kifaransa, akamwambia Wilfried, “Mpelekee kaka yako.” Humo alieleza kwamba yale si makosa, ni Kiingereza cha wazee, na kwamba Kiingereza na Kijerumani vilitoka tumbo moja, ndiyo maana kwao hata leo wanasema du hast, du kommst. Wilfried aliogopa kunyang’anywa kazi, akaificha karatasi zaidi ya miaka ishirini.

Jumatano hii, baada ya maombi ya toba, Wilfried alimwambia, “Yaya, Jumapili nitakuletea kitu chako,” marehemu akacheka, “Mudogo, kama ni kuku, ulete mwenye kunona.” Kesho yake, tarehe 6 Februari 2025, saa tano asubuhi, mutu ambaye hakuugua hata siku moja alisema kichwa kinauma, akaomba maji, mama Apolline aliporudi na kikombe akakuta roho imekwisha kutoka, na mpaka sasa jamaa haiamini.

Jamaa inashukuru waganga wa hospitali waliokuja mbio, majirani waliolala nasi kilioni, na wenzake wa reli.

Karatasi ni hii, Wilfried hataizika, anampa Gentille aisome kwa sauti mbele ya sanduku, maana wengi tuliomcheka tuko hapa.

Yaya, leo ni Jumapili, kitu chako kimefika, ulale katika amani ya Bwana.