Kamba ya Fundi Kagwe

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne ya wiki jana, Julai hii ya 1997, kiwanja kimoja huko Kiuu, Ruiru, kiliamka na kamba ya kupimia msingi iliyofungwa upande mmoja tu. Fundi Kagwe aliifunga Jumatatu jioni. Upande wa pili, alisema, utangoja asubuhi. Asubuhi hakuamka. Kifua kilichomsumbua baridi hii yote kilimchukua akiwa nyumbani kwake Makongeni, Thika. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Leo tunamkumbuka Kagwe, fundi aliyetazama jua kabla ya kuchimba msingi.

Hakuzaliwa akijua. Nyumba yake mwenyewe aliielekeza barabarani, kama majirani. Mkewe, Waceke, akawa anawasha koroboi adhuhuri ili achague mawe kwenye maharagwe.

"Baba Waruguru," alimwambia, "umenijengea ghala. Kwani mimi ni gunia?"

Kagwe alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoboa ukuta, akaweka dirisha.

Tangu hapo kila kiwanja alikipa siku nzima. Alisimika kijiti, akaketi kwenye kigoda. Kila saa alikanyagia udongoni kifuniko cha soda, pale kivuli cha kijiti kilipoishia. Wapita njia walimtania: "Mzee, unachunga jua lisitoroke?"

"Likitoroka," aliwajibu, "mtanunua mafuta ya taa."

Ukuta mrefu aliufuatisha mstari wa vifuniko, mashariki hadi magharibi. Madirisha yakatazama kaskazini na kusini. Mwanga uliingia, jua kali la alasiri likabaki nje.

Kiwanja cha Kiuu ni cha Zubeida, mshonaji mwenye vyerehani vitatu. Alitaka sola kubwa ya kuwasha taa kutwa. Kagwe akakataa.

"Sola si dirisha, mama. Nunua ndogo, ya usiku. Pesa itakayobaki tia kwenye madirisha. Mchana shona kwa jua la bure."

Lakini kuigeuza nyumba ifuate jua kulimaanisha kupoteza chumba kimoja cha kupangisha, kile cha barabarani. Zubeida alikubali shingo upande.

Kagwe alipofariki, shemeji za Zubeida walimwambia aielekeze nyumba barabarani, apate chumba chake. Kwenye matanga Zubeida alimnong'oneza Waceke: "Mama Waruguru, nisamehe. Aliyejua kamba inaelekea wapi hayupo."

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Jumamosi Waceke alifika Kiuu. Aliinama, akapangusa vumbi kwa leso. Kifuniko kimoja. Cha pili. Hadi saba. Akaivuta kamba juu ya vifuniko, akapigilia kigingi, akaifunga.

"Haiya! Umejuaje?" aliuliza Zubeida.

"Miaka kumi na tisa nimempelekea uji hapo kigodani. Ulidhani nilikuwa natazama uji?"

Zubeida alicheka, halafu akalia. Alipomaliza, akajipangusa macho. "Chumba kiende," alisema. "Haya macho ndiyo yananilisha."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Waruguru, kwa watoto, na kwa mafundi wote wa Makongeni, tunasema poleni sana. Nawe uliye nyumbani wakati huu, hebu tazama ulipoketi. Kama umewasha taa mchana, jiulize ni nani aliyelisahau dirisha lako, na kama ukuta huo hauwezi kutobolewa.

Kule Kiuu msingi unachimbwa Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi. Kamba imefungwa pande zote mbili.