Kinachotangulia Siga

Kwenye feri ya Mbita, kijana aliyevaa suti alimgeukia mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Achola, aliyeketi kando yao, akatega sikio, Mungu amsamehe.

"Mama, leo naenda kuposa. Baba ya msichana hupima wakwe kwa siga, ile sigara nene. Nikikohoa, nimekosa mke!"

"Shiba kwanza, baba," mama akamwambia. "Samaki ngege wa kukaanga na ugali. Kisha chai ya rangi, sukari nyingi. Na moshi usimeze."

"Na moto naweka ndani ya mdomo, kama vile nyanya yangu, mama ya baba, alikuwa anavuta?"

"Wewe! Hiyo waachie nyanya! Unataka kuoa bila ulimi?"

Achola alicheka mpaka machozi yakamtoka. Feri ikatia nanga. Gatini alisimama mzee mwenye siga mbili, zote zinawaka.

"Waswa, mkwe wangu! Njoo tuvute, samaki bado wako ziwani!"

Achola akamwombea kijana kifua, haraka haraka.