Wasifu wa Atuti Nyamwange, Mwendesha Baiskeli Aliyetaka Ugonjwa Wake Usemwe

Wasifu kama huu ukifika mahali pa kifo, desturi yetu ni kuandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi", watu wakatikisa vichwa, kwaya ikaanza wimbo. Hata mtu aliyelala kitandani miaka mitatu huzikwa kwa maneno hayo. Marehemu Atuti aliyakataza kabla hajafa. Mke wake, Bilhah, naye akasema ni lazima yaandikwe, na nyumba hii ikakosa amani kwa siku nyingi. Tutafika huko. Kwanza tuanze pale kila mtu huanzia.

Atuti alizaliwa tarehe 3 Februari 1939 huko Magombo, mtoto wa pili wa Mzee Nyamwange Orina na Mama Nyambeki. Alikuwa na miaka sita baba yao alipohamia Kericho kupogoa chai katika shamba la Kapchebin. Dada yake Kemuma, ambaye ndiye anayewasomea haya, alibebwa mgongoni safari hiyo. Atuti alitembea, na kila kilima alilalamika. Hilo linasemwa ili wale wanaodhani alizaliwa akipenda vilima wajue ukweli.

Alisoma shule ya msingi ya shamba kutoka 1947 hadi 1954. Kichwa alikuwa nacho, lakini karani wa shamba alikuwa na baiskeli, na hapo ndipo masomo yaliposhindwa. Karani akiingia ofisini, Atuti aliichukua. Miguu yake haikufika, basi alipitisha mmoja katikati ya fremu na kukanyaga kwa upande. Siku moja breki zilimkataa akaua kuku wawili, na kumbe ni kuku wa mama yake mwenyewe. Mama Nyambeki alimchapa vizuri, kisha akawapika wale kuku, na aliyepewa paja ni Atuti.

Mwaka wa 1956 aliajiriwa kuwa mesenja wa shamba, akipeleka barua kutoka ofisi hadi kiwandani na mashamba ya jirani. Ilipofika Juni mosi 1963, siku ya Madaraka, wafanyakazi wa mashamba ya chai waliandaliwa mashindano ya baiskeli kutoka Kericho hadi Litein na kurudi. Atuti alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa kijana wa Boito aliyezoea kubeba mitungi ya maziwa, Kipkosgei Chepyegon. Zawadi ilikuwa sukari. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Mama Nyambeki, aliyeshika Sabato, hakutaka hata kuiangalia. Jua lilipotua aliomba, akafungua ile sukari, akanywa chai vikombe vitatu.

Atuti alimuoa Bilhah Bochaberi, mchuma chai wa Kapchebin, Jumapili tarehe 20 Desemba 1964. Bwana harusi alitaka kumbeba bibi harusi kwenye keria, nyuma ya baiskeli. Bilhah alisema amemwona akikata kona, asante sana, atatembea. Basi watu waliona mshindi wa Madaraka akisukuma baiskeli polepole, na bibi harusi kando yake viatu mkononi. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Kemunto.

Mwaka wa 1966 muuzaji mmoja wa baiskeli huko Kisumu aliwaajiri Atuti na Chepyegon waendeshe kwa mshahara, wavae jina la duka lake kifuani. Walilala chumba kimoja, wakala sufuria moja, wakabishana kuhusu ugali wa wimbi na wa mahindi mpaka wenzao wakawahama. Agosti 1967, asubuhi ya mashindano ya Kisumu hadi Nakuru, mtu mmoja wa timu alipita na kopo la vidonge vyeupe. Alisema ni vya kuongeza nguvu, na kwamba Wazungu kwao wanavimeza kama njugu.

Chepyegon alimrudishia. "Mimi tumbo imejaa mursik ya mama," alisema, yaani maziwa yao ya kibuyu. "Hii yako nitaweka wapi?"

Atuti alicheka na kumeza. Siku hiyo, alisimulia baadaye, mlima ulilala chini. Alifika Nakuru peke yake, akapewa kikombe cha ushindi, na Chepyegon akafika wa pili wakati watu wameshaanza kula. Tangu hapo hakuanza safari bila vile vidonge. Kampala alishinda, Arusha alishinda, na gazeti likatoa picha yake. Chepyegon kwa miaka hiyo yote alishinda mara moja tu, na mara hiyo Atuti alikuwa amepasukiwa na tairi.

Nyumbani ndiko mambo yalikoonekana. Akirudi kutoka mashindanoni Atuti hakulala siku mbili. Chakula kilimshinda. Alikuwa mtu mpole, sisi tuliozaliwa naye tunamjua, lakini sasa alifokea watoto kwa kijiko kilichoanguka, kisha akakaa mlangoni akilia na kuwaomba msamaha. Mwaka wa 1972, akiwa na miaka thelathini na mitatu, alianguka mashindanoni kabla ya kufika Chepseon, na yule muuzaji akatafuta kifua kingine cha kuandika jina la duka.

Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Chepseon, akawafundisha vijana wa mashamba bila kuwatoza chochote. Hakuna aliyejua kuketi kwenye baiskeli kumliko. Lakini kutoka 1975 miguu ilianza kuvimba, na kile kilima kidogo cha kwenda sokoni alikipanda akipumzika njiani. Daktari alimpima, akamuuliza amekuwa akimeza nini. Atuti hakumficha. Daktari akamwambia kuwa moyo umepanuka na kulegea, na kwamba vidonge vya miaka ile ndivyo vilivyouchosha. Majirani walipouliza, Atuti aliwaeleza kwa lugha ya kibanda: tyubu ikijazwa upepo kupita kiasi kila siku, hairudi tena kuwa ilivyokuwa.

Mwezi wa Aprili mwaka huu vijana wake walikuja kumwona, wakiwa na furaha. Walimwambia wamepata mtu wa kuwaletea dawa nzuri ya mashindano. Atuti aligeukia ukuta. Walipoondoka alimwita Bilhah, Kemuma na Mchungaji Ogola.

"Siku ile mtasoma kaburini, msiseme nimeugua muda mfupi," alisema. "Nimeugua miaka kumi na moja, tangu kile kidonge cha kwanza. Semeni ni nini imeniua."

"Na watoto?" Bilhah alimjibu. "Waende shule wakiitwa watoto wa mwizi? Waambiwe hata kikombe ya baba yao ni ya wizi?"

"Heri waitwe hivyo kuliko hao vijana wazikwe."

"Wewe utakuwa umelala. Mimi ndiye nitasikia."

Hakuna aliyekuwa na kosa katika maneno hayo, na hilo ndilo lililotuumiza. Mchungaji aliomba, wakasema amina, kesho yake wakaanza tena. Mwishowe Atuti alituma watu Boito wakamwite Chepyegon. Alipofika, Atuti alimwonyesha kikombe cha Nakuru pale kabatini, akamwambia ni chake, akichukue.

Chepyegon alikitazama. "Kimeingia kutu," alisema. "Hata maziwa siwezi kuweka." Kisha akakaa kitandani, akamgeukia Bilhah. "Mama Kemunto, nyuma ya huyu mtu ni mimi nilikuwa. Si mwingine. Kama kuna mtu wa kumuita mwizi, ni mimi. Na mimi namuita ndugu yangu. Watoto wakisumbuliwa, waseme Chepyegon wa Boito alisema hivyo. Wacha isomwe."

Bilhah alilia sana siku hiyo. Alipomaliza alimletea mgeni chai, akamwambia Kemuma atafute kalamu.

Basi tunasoma. Atuti Nyamwange alifariki nyumbani kwake Chepseon, Alhamisi tarehe 11 Mei 1978, akiwa na miaka thelathini na tisa, kwa ugonjwa wa moyo ulioletwa na vidonge alivyomeza ili ashinde. Kipkosgei Chepyegon, anayemzidi miaka miwili, amefika mazishini leo asubuhi kwa baiskeli kutoka Boito, suti yake ikiwa imefungwa kwenye keria.

Marehemu amemwacha mama yake, Nyambeki. Mke wake, Bilhah. Watoto wake Kemunto, Orina na Nyaboke. Dada yake, Kemuma. Na ndugu yake, Kipkosgei Chepyegon, aliyeandikwa mahali hapa kwa amri ya mjane.

Bilhah ameomba pia sentensi moja isomwe kwa jina lake, mkiwa mmesimama hapa na baiskeli zenu. Nayo ni hii: "Vijana, mimi sitafuti mjane mwenzangu."

Atuti wetu, lala kwa amani ya Bwana.