Giza la Mzee Gozbert na Kofia Iliyorudi

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Mzee Gozbert Rwezaura anaweka kamera chini baada ya miaka ishirini na tisa katika studio yetu ya picha hapa Chang'ombe. Mimi, Tunu Shomari, nimepewa kazi ya kuandika habari zake katika ratiba hii ya kumuaga kwa sababu nimekaa kwenye kompyuta miaka kumi na minne nikisafisha picha zake. Ujana wangu wote umeishia kumtoa mtu huyu gizani.

Alifika kutoka Muleba mwaka 1997, zama za filamu, ambapo mpiga picha aliyeogopa kukosea aliongeza mwanga kidogo na filamu ikamvumilia. Kamera za dijitali zilipokuja, aliendelea na mazoea yaleyale. Jumapili moja akapiga picha wasichana wa kipaimara saa saba mchana, magauni meupe, jua la utosi. Picha zilipofunguliwa magauni yalikuwa weupe mtupu, hayana lesi wala vifungo, na kompyuta haikuweza kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa. Mama mmoja aliuliza kwa upole kama mwanawe alikuwa amevikwa shuka. Aibu ile Mzee hakuisahau.

Tangu hapo, kila palipokuwa na cheupe juani, alipunguza mwanga kwenye kamera kwa makusudi ili weupe usiungue, kisha akaniachia mimi kazi ya kuangaza nyuso. Nikinung'unika alikuwa na jibu moja: "Tunu mwanangu, giza linafunguka. Kilichoungua kimeungua." Alilisema kikombe cha chai mkononi, mimi nikipambana na chengachenga zinazozuka picha ya giza ikiangazwa, safari hii kwenye shavu la bibi harusi. Mwenzake Isack, anayependa picha zing'ae, alikuwa akisema sie tunapiga harusi, Mzee anapiga mgao wa umeme. Bi Mwajabu, mwenye studio, alimwandikia barua mbili za onyo. Zote mbili Mzee alizikunja akaziweka chini ya mguu mfupi wa stendi ya taa, na stendi ikatulia.

Tusimsifie kupita kiasi. Aliwahi kupunguza mwanga hata alipopiga picha magunia ya mkaa, ambapo hapakuwa na cheupe chochote cha kuokoa.

Kisha ikaja harusi ya Abdulrahman wa Tandale, mwaka 2019. Bwana harusi alivaa kofia ya viua, vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, aliyoshonewa na mama yake. Mama aliimaliza wiki chache kabla hajafariki. Baada ya nikahi vijana walimbeba bwana harusi juujuu, kofia ikaanguka katikati ya umati, na haikuonekana tena. Jumatatu dada yake, Munira, alikuja studio macho yamemvimba. Hakuja kuulizia albamu. Alitaka kujua kama ipo hata picha moja ambayo kazi ya mkono wa mama yake inaonekana.

Tukafungua za Isack kwanza. Nyuso safi, meno yanahesabika, na kichwani kwa bwana harusi kuna weupe kama bakuli la plastiki. Nikafungua ya Mzee, nyeusi kama kawaida yake, nikaona haya kumwonyesha mgeni. Nikaanza kupandisha mwanga polepole. Kitobo kimoja kikatokea, kikafuatwa na kingine, halafu maua, halafu mstari wa ukingoni ambao mama, kwa uchovu wa ugonjwa, alikuwa ameukosea kidogo. Munira aliugusa mstari ule kwenye kioo akalia. Na mimi nikalia. Mzee alikwenda kuchemsha chai.

Tulimchapishia picha ile kubwa. Akaitundika ukutani, akajifunza kushona akiifuata tobo kwa tobo, kazi ya mwaka na miezi miwili. Kaka yake akaenda kuswali Idi amevaa kofia hiyo mpya. Lile kosa la ukingoni Munira alilishona vilevile.

Bi Mwajabu hakuandika barua ya tatu. Isack naye siku hizi hupunguza mwanga akiona kanzu juani, ila hutazama kwanza kama Mzee yuko karibu.

Sasa Mzee anahamia Chanika, kwenye mihogo yake na kuku wa mayai. Kuku wenyewe ni weupe, kwa hiyo kazi haijaisha.

Juma lililopita Munira alituletea kifurushi. Ndani mlikuwa na kofia nyingine, mshono uleule, kosa lilelile, saizi ya kichwa cha Mzee, na Mhaya wetu hajaivua tangu siku hiyo. Picha yake iliyo kwenye jalada la ratiba hii nimeipiga mimi, saa saba mchana, mlangoni pa studio. Najua mtalalamika kwamba uso wake una giza. Isogezeni karibu mtazame kofia.

Asante, Mzee wetu, kwa kututunzia vilivyokaribia kuungua. Nenda Chanika kwa amani, uwe na afya na siku nyingi. Vitobo vyote vipo, nimevihesabu.