Fundi Timazi na Njia Iliyokuwa ya Wote

Ndugu, jamaa na majirani, ninyi mliopata viti na ninyi mliosimama barabarani, familia imenipa mimi, mtoto wa pili wa marehemu, kazi ya kuwasomea safari ya baba yetu, na niwaombe radhi kwamba tunamuagia hapa mbele ya duka wala si mlangoni kwake, kwa sababu jeneza limeshindwa kukata kona ya saluni, na mke wa kaka yangu, mwenye mimba ya miezi minane, anayeishi kule mwisho wa njia, ameniomba nisifiche kitu.

Baba, mliyemjua kwa jina la Fundi Timazi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1962, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa mpagazi na mfua nguo, akasoma shule ya msingi pale pale hadi mwaka 1975, akafaulu, ila ada ikamshinda babu, basi akakabidhiwa kwa mjomba wake fundi mwashi, akabeba karai miaka mingi kabla ya kushika mwiko, na kufikia mwaka 1983 kuta zake zilinyooka kiasi kwamba wenzake walimwita timazi, ile kamba yenye kichuma cha kupimia wima.

Mwaka 1988 alitumwa kujenga uzio wa nyumbani kwao mama yetu, na uzio ule, kwa maajabu ya Mungu, ukapinda, akaubomoa, ukapinda tena, mpaka babu mzaa mama akamuuliza, wewe kijana, unajenga uzio au unajenga uchumba, wakafunga ndoa tarehe 2 Septemba 1989, wakajaliwa kaka yangu, ambaye ni dereva, na mimi, mwenye digrii ya mipango miji, ambaye mpaka leo mpango wowote sina.

Walipohamia hapa mwaka 1991, mikokoteni miwili ilipishana humu, nguo zikianikwa juu, watoto wakicheza chini, kisha mwenye duka akaomba hatua moja tu ya njia aweke stoo, fundi cherehani akasema mbona yule kasogea, saluni ikaweka ngazi, na kuta zote hizo, tusidanganyane mbele ya maiti, alizijenga baba, zimenyooka ajabu, mahali pasipo pake. Aliwauliza, jamani, siku ya shida mtatokea wapi, mkamjibu, fundi, umeitwa kujenga au kuhubiri, naye akajenga, maana mimi nilikuwa chuoni, nikapewa A kwa tasnifu ya public space, yaani maeneo ya wazi ya umma, iliyolipiwa na ukuta wa saluni, na mwisho naye akasogeza jiko letu, akisema njia ya wote haina mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa tulipompelekea habari alisema kila mtu apambane na hali yake, na kweli kila mtu akapambana, akapambana na njia, akaishinda.

Tangu juzi nasikia hapa msibani kwamba baba amekufa maskini kwa kuwa hakujiongeza, mtu aliyejenga mtaa mzima akaishia chumba na sebule, na wengine mnasema ni serikali, sawa, serikali ina lake, nitaiambia siku ikiniita kwenye intavyuu, lakini serikali haikushika mwiko humu.

Tarehe 9 Machi mwaka huu, mchana, kifua kilimbana, gari la wagonjwa likafika upesi, jambo ambalo sikulitegemea, likasimama hapa hapa, machela ikakwama konani, ikajaribiwa ubavu, ikarudi, ndipo kaka akamtoa baba kwa toroli la kazi la baba mwenyewe, magoti kifuani, mkono wake ukipapasa kila ukuta tulioupita, sijui alikuwa akijishikilia au akiaga, na daktari akatuambia, mngewahi kidogo tu. Baba mkubwa ameniomba niseme Mungu alimpenda zaidi, na mimi sina ubishi na Mungu, ila ile kona hakuijenga Mungu.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, dereva wa gari lile aliyelia pamoja nasi, mafundi wenzake waliochimba na kujengea kaburi bila kuombwa, na ninyi majirani, mliopika, mliotuazima viti, mliomshika mama asianguke, asanteni sana, nawapenda na nimewakasirikia, yote mawili kwa pamoja. Familia imekubaliana, na wa kwanza kuitikia alikuwa mama, kwamba Jumamosi tutalibomoa jiko letu kwa mikono yetu, hatuombi mchango, hatumshitaki mtu, ila mwenye nyundo aje nayo, na akitaka aanzie kwake, kwa sababu mtoto anayekuja hatajua kusubiri tumalize kubishana.

Pumzika kwa amani, Baba, sisi Jumamosi tuna kazi.